Moyo Usiojua Kuchagua: Fani na Uamuzi wa Maisha katika Al-Inkishafi

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Utenzi tutakaousoma leo ni wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu uliowahi kuwa na utajiri wa kutisha kabla haujawa mahame. Kwa kawaida Al-Inkishafi hufundishwa kama utenzi wa mauti na majuto. Sikatai. Lakini swali linaloufungua mjadala wake ni jingine: inakuwaje mtu mwenye akili na macho yake mawili akachagua vibaya? Jibu mshairi amelificha ndani ya fani, yaani namna utenzi ulivyosukwa. Mwanafunzi anayeandika "maudhui: dunia ni ya kupita, tutubu" kisha akaorodhesha tamathali chini yake hajakosea, ila hajausoma utenzi.

Tuanze na nani anasema na nani.

Moyo wangu nini huitabiri,
twambe u mwelevu wa kukhitari.
Huyui dunia ina ghururi?
Ndia za tatasi huzandamaye?

Msemaji hayuko juu ya mimbari. Anausimamisha moyo wake mwenyewe na kuuhoji: mbona huzingatii? Hiyo ni tashihisi, kukipa kisicho mtu sifa za mtu, na kila mtahiniwa ataitaja. Wachache wataitaja kejeli iliyomo katika "twambe". Anasema: haya, tuseme wewe ni hodari wa kuchagua, basi hujui kwamba dunia ina hadaa, na mbona unaandama njia zake zenye utata? Ameukubalia moyo sifa ili aunyang'anye papo hapo. Na maswali yale ya balagha, yasiyongoja jibu, yana kazi: msikilizaji hahubiriwi, anasikia mtu akijigombeza, na kabla hajajikinga ameanza kujiuliza na yeye.

Beti zinazofuata ni tashbihi tupu, na hapa ndipo wachambuzi wengi huharibu. Huziweka zote kapu moja: "dunia imefananishwa na bahari, kisima, vumbi na mazigazi." Angalieni mpangilio wake. Bahari ipo kweli, ina matumbawe. Aipandaye hupata hasara. Kisima nacho kipo na maji yamo, lakini ng'ombe mkali amekizuia:

endao kwegema humta pembe,
asipate katu kunwa maaye.

Kisha vumbi linaloelea ndani ya mwanga wa jua: unaliona, ukilishika mkononi hamna kitu. Mwisho mazigazi, ambapo mwenye kiu anakwenda kuteka maji ambayo hayakuwepo tangu hapo. Kwa hiyo tunatolewa kwenye kitu cha hatari, tukaletwa kwenye kitu kisichofikika, hadi kwenye kitu ambacho hakipo kabisa. Kosa la mchaguzi linahama: kwanza ni ujasiri mbaya, mwishoni ni jicho lililodanganywa. Ukizipangua beti hizi, hoja hiyo inapotea ingawa tashbihi zote zimebaki.

Sasa tuingie kwenye nyumba za matajiri wa Pate. Hapa naomba tukae kidogo, maana kwangu ndipo ufundi wa utenzi huu unapofikia kilele.

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri;
masiku yakele kama nahari,
haiba na jaha iwazingiye.

Taa za kioo na za shaba, usiku ukawa kama mchana, fahari imewazunguka. Beti kadhaa mbele:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme.
Husikii hisi wala ukeme;
zitanda matandu walitandiye.

Hesabuni mizani, yaani silabi, kwa vidole: kila mshororo una 11, na kituo, pale sauti inapopumzika, kiko baada ya mizani ya 6. "Nyumba zao mbake" ni hizo 6, neno kwa neno, katika beti zote mbili. Kilichobadilika ni mizani 5 tu: "zikinawiri" imekuwa "ziwele tame". Ule wakati wa -ki- ulikuwa unaendelea. "Ziwele" ni hali iliyokwisha kutimia. Hakuna aliyetuambia lini taa zilizimika, wala ni uamuzi gani uliozizima. Kati ya beti hizi mbili watu waliishi, wakachagua, wakafa.

Tazameni na vina. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake na hubadilika kila ubeti, lakini wa nne humalizikia -ye utenzi mzima. Mara nyingi -ye hiyo ni ya kitenzi cha kale chenye kuonyesha jambo lililokwisha: "iwazingiye", "walitandiye". Fahari iliwazingira, utando wa buibui ukatanda, na sikio linapata mwisho ule ule. Sauti ya tand inayojirudia mara tatu katika mshororo ule wa mwisho inausuka utando wenyewe.

Kwa hiyo jihadharini na wanaosanifisha lahaja ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu kilichotumika humu, wakati wa kughani. Ukisema "zimekuwa tame" umepata mizani 6 pahali pa 5. Ukisema "imewazunguka" umezidisha mizani na umeua kina cha bahari, yaani ile -ye ya mwisho inayorudi utenzi mzima. Afadhali uwape wasikilizaji maana ya maneno kwanza: tame ni mahame, iyu ni juu, ukeme ni ukelele. Kisha ghani kama ulivyoandikwa.

Kwa walimu: msigawe utenzi mzima kwa kipindi kimoja. Chukueni beti hizi mbili za nyumba, ziandikwe ubaoni zikiwa sambamba, mstari upigwe penye kituo, na wanafunzi waulizwe ni vitenzi gani vimebadilika. Istilahi za tamathali zije baadaye, wakishayaona mabadiliko wenyewe. Baada ya hapo wasomewe sehemu ambako mshairi anawataja watu wa Pate kwa majina yao na kuuliza wako wapi, nao waseme kwa nini hapo hakutumia tashbihi.