Yai, Chumvi na Meli ya Matadi

Wazazi wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Mlio nyuma sogeeni, maana kazi yote ya leo imo kwenye jagi hili.

Nimetia nusu lita ya maji ya bomba. Yai ni la jana, la kuku wa kienyeji. Nalitumbukiza taratibu: limezama, limelala chini. Sasa chumvi. Kijiko kimoja cha chakula, nakoroga mpaka iyeyuke. Bado. Cha pili, bado. Cha tatu, mmeona? Halitulii tena. Cha nne, linanyanyuka. Cha tano limeibuka, kichogo kiko nje ya maji!

Nani kalinyanyua? Kila mwaka najibiwa, “Chumvi imelishika.” Jibu hilo nalikataa kabisa, maana ukilishika hutaielewa meli.

Tupige hesabu. Tuseme yai lina gramu 60 na ujazo wa mililita 55. Likizama, linasukuma kando maji mililita 55. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kiasi hicho yana gramu 55 tu. Gramu 5 zimepungua. Archimedes, mwanasayansi wa Ugiriki ya kale, alishatuonyesha kwamba maji hukibeba kitu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Chumvi ikiyeyuka, chembe zake hujipenyeza katikati ya maji, uzito ukaongezeka kupita ujazo. Mililita zilezile 55 sasa zimevuka gramu 60. Aliyelibeba yai ni maji yenyewe, yaliyogeuka mazito.

Bahari je? Lita moja ina chumvi kama gramu 35, na uzito wake ni karibu gramu 1,025. Piga hesabu: mililita 55 ni gramu 56 na ushei. Kwa hiyo yai hili, baharini pia lingezama! Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Lakini kwa meli, tofauti hiyo ndogo ni kubwa. Meli yenye uzito wa tani 10,000, pamoja na shehena, baharini husukuma maji mita za ujazo 9,756 hivi. Ikipanda mto Kongo kwenda bandari ya Matadi, kwenye maji baridi, lazima isukume 10,000, basi inadidimia zaidi ingawa hakuna gunia lililoongezwa. Ubavuni mwa meli kuna alama inayoonyesha mwisho wa meli kudidimia ikipakiwa: alama ya Plimsoll, yule mbunge wa Uingereza aliyepigania mabaharia hadi sheria ikapita mwaka 1876. Na kwa sababu ya tofauti hiyo ya maji, leo kando yake kuna mistari yenye herufi: S ni bahari wakati wa kiangazi, F ni maji baridi, nayo F iko juu ya S. Nahodha akipakia Matadi anaweza kuufikia mstari wa F, kwa kuwa akifika baharini meli itainuka.

Sasa turudi kwenye jagi. Nageuza kijiko, namimina maji ya bomba juu ya mgongo wake polepole, yasichanganyike na ya chini. Tazameni yai: limening’inia katikati, halipandi wala halishuki. Msiitikise meza. Nani anakuja kuchungulia kwanza?