Saa ya Kulisha: Maji Yapi Tuyasimamishe, Yapi Tuyaache

Habari za jioni, ndugu zangu. Poleni na joto, na asanteni kwa kuja.

Kila mara nikikutana na mtu anayeanza kufuga samaki wa maji ya chumvi, huniuliza: "Wakati wa kulisha, nizime pampu au nisizime?" Anataka jibu la neno moja. Nami humuuliza: pampu ipi? Ndani ya tangi moja yanakwenda maji ya namna mbili, kila moja na kazi yake. Ukizima yote bila kubagua utawaumiza samaki, na ukiacha yote yaende mbio utawaumiza vilevile. Leo nataka tubague.

Twendeni baharini kwanza. Sisi tuliokulia pwani hii tunajua kwamba maji hayatulii. Siku za bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita juu ya matumbawe yakiingia mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku. Mvuvi wa mshipi atakwambia samaki hula maji yakienda. Yakisimama, na mshipi umelala. Vaa miwani uzame ukingoni mwa mwamba maji yakianza kukaza, utawaona wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wanasayansi huwaita Pseudanthias squamipinnis, wamepanda kundi zima, vichwa vyote vimeelekea mkondo unakotoka. Hawakifukuzi chakula. Wamesimama palepale wakipiga mkia, na vijidudu vinavyoelea vinaletwa na maji hadi mdomoni, wao ni kudona tu. Mkondo ukilegea, wanashuka na kutawanyika.

Picha hiyo ikae kichwani tunaporudi nyumbani.

Tangi langu ni la lita 400. Maji ya kwanza ni ya mzunguko. Yanamwagikia kwenye mdomo wa juu, yanashuka kwa bomba hadi tangi la chini lililofichwa kabatini, yanapita kwenye sponji na kwenye chombo kinachotoa uchafu kwa povu, ambacho wengi wetu tunakiita skima, kisha pampu inayapandisha tena. Pampu yangu inapandisha kama lita 2,000 kwa saa, yaani maji ya tangi zima hupita chini mara 5. Maji ya pili ni ya mkondo: pampu mbili za mawimbi nilizozibandika kwenye kioo, kila moja lita 5,000 kwa saa. Hizo hazipeleki maji popote. Zinayakoroga tu humohumo, kama mara 25 kwa saa.

Sasa nadondosha uduvi. Mwingine unazama, mwingine unaelea, na maji ya juu kabisa ndiyo yanayomwagikia mdomoni kwenda chini. Siku moja nilikaa nikaitazama punje moja ya chakula niliyoiweka katikati ya tangi. Nilianza kuhesabu. Sikufika 20, imeshazama bombani. Hakuna samaki aliyeigusa.

Punje hiyo inakwenda kunasa kwenye sponji na kuoza. Uozo unatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitrati, na fosfeti nayo inapanda. Baada ya wiki chache mawe yanaota majani ya kijani na ya hudhurungi. Mwenye tangi, akiona samaki bado wana njaa, anaongeza chakula. Kinashuka tena bombani. Nimeona watu wakibadilisha chumvi, wakibadilisha taa, wakimlaumu aliyewauzia samaki, na kumbe kosa ni swichi moja ambayo haikuzimwa kwa dakika 10.

Kwa hiyo maji ya mzunguko nayasimamisha. Ya mkondo nayapunguza, lakini siyazimi. Hapo ndipo wengi tunapotofautiana, na niko tayari kubishana na yeyote. Ukizima mkondo kabisa, uduvi unaanguka mchangani, na samaki jasiri peke yao ndio wanaoshuka kuupigania. Wale wa rangi ya chungwa hawajui kula hivyo, wanangoja chakula kiwapitie. Matumbawe nayo hayana miguu. Yanakula kile mkondo unachoyaletea. Lakini mkondo ukiwa mkali, vidole vyake vinapinda, vinashindwa kushika kitu. Tazameni tumbawe laini: vidole viyumbe, viende na kurudi kama makuti kwenye upepo mwanana. Vikiwa vimelala upande mmoja, mmezidisha. Mimi nazima pampu moja ya mawimbi, nyingine naishusha hadi nusu.

Samaki hawafanani, nayo ni lazima niseme. Kangaja, mfungie mwani mkavu kwenye kibanio ubavuni mwa kioo, huo wa kufungia sushi unafaa ukiwa hauna viungo, na mkondo hautamsumbua. Farasi wa baharini ni habari nyingine kabisa. Hana tumbo la kuhifadhi chakula, anahitaji kula mara kwa mara, naye hafukuzi. Analitazama windo kwa jicho moja, halafu jingine, ndipo anavuta. Mkondo wa kangaja utamfisha njaa huku chakula kinampita. Tafadhali, mpeni tangi lake lenye maji ya polepole.

Uduvi wa kugandishwa usitupwe kama ulivyo. Uyeyushe kwenye kikombe chenye maji ya tangi, uuchuje kwa chujio la chai, yale maji yenye mafuta uyamwage. Kisha tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ulilochomeka mrija mbele, na uachie kidogokidogo mbele ya ile pampu iliyobaki. Ukiona punje tatu zimefika chini bila kuliwa, acha kwanza.

Sasa hatari za kuzima. Pampu ya mzunguko ikisimama, maji yaliyomo bombani yanarudi chini, na kama ncha ya bomba la kurudishia imezama sana, itaendelea kunyonya hadi kabati lifurike. Ndiyo maana bomba hutobolewa tundu dogo karibu na uso wa maji, ili liingie hewa na mnyonyo ukatike. Tundu hilo huzibwa na uchafu. Lipitishieni kijiti cha meno kila wiki, na chorieni mstari kwenye tangi la chini kuonyesha maji yanapanda hadi wapi pampu ikizimwa. Maji hayo yakipanda, skima nayo hufurika na kurudisha uchafu wote, basi izimeni pamoja na pampu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kusahau.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nikizima kila kitu. Usiku mmoja nililisha, akaja mgeni mlangoni, tukazungumza hadi saa 5, nikaenda kulala. Alfajiri nilimkuta kangaja wangu yuko juu kabisa, mdomo unafunguka na kufunga kwenye uso wa maji, matamvua yanakwenda mbio. Wawili walikuwa wameshakufa nyuma ya jiwe. Nilikaa sakafuni mbele ya kioo nikiwatazama, na uchungu ule bado ninao.

Kisa chake ni hewa. Kwenye nyuzi 25, lita moja ya maji yasiyo na chumvi hubeba oksijeni miligramu 8 na ushee. Ya bahari haifiki 7. Akiba ni ndogo tangu mwanzo. Usiku mwani na matumbawe havitoi oksijeni, vinaitumia. Na uso wa maji usiposukwasukwa, oksijeni nyingine inaingia kwa shida sana. Pampu moja ya mawimbi iliyoelekezwa juu ingetosha kuwaokoa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kutozima mkondo.

Siku hizi pampu ya mzunguko na skima ziko kwenye taima inayoziwasha yenyewe kwa zamu baada ya dakika 10, nami nikiwa mbele ya tangi au nikiwa sokoni. Za mawimbi ziko kwenye soketi nyingine kabisa.

Wakati wa kuwasha, naanza na mawimbi ili mabaki yainuke, nayaokota kwa wavu mdogo. Ndipo mzunguko. Skima mwisho, maji ya chini yakishuka hadi kimo chake cha kawaida. Msishangae povu likikaa chini saa moja au mbili, ni mafuta ya chakula hayo. Na kila mara, hata taima ikishafanya kazi yake, naweka kiganja mbele ya bomba la kurudishia. Pampu inaweza kunguruma bila kupandisha tone, ikiwa imeshika hewa. Nikisikia maji yanagonga kiganja, nafunga kabati.