Jinsi ya Kutengeneza Upawa wa Kifuu Bila Msumari Wala Gundi

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutatengeneza upawa wa kupakulia mchuzi, supu au uji, ambao bakuli lake ni nusu ya kifuu cha nazi na mpini wake ni tawi lililochongwa kwa kisu. Hatutatumia msumari wala gundi, kwa sababu msumari hushika kutu na huweza kukipasua kifuu, nayo gundi nyingi zinazouzwa madukani hazikukusudiwa kuingia katika chakula cha moto. Mpini utashikwa na waya mwembamba wa stenlesi. Hata hivyo, waya peke yake hausaidii kitu ikiwa mti haukukauka barabara au ikiwa mpini haukukaa sawasawa juu ya mgongo wa kifuu, kwa hiyo nitakaa zaidi katika mambo hayo mawili na mengine nitayapitia haraka.

Hapa mezani nina nazi moja kavu, msumeno wa chuma wenye meno madogo, penseli, kisu kikali, drili ya mkono yenye ncha ya milimita 2, koleo, karatasi za msasa za namba 80, 120 na 240, kiasi cha nusu mita ya waya wa stenlesi wenye unene wa milimita 0.8, na mafuta ya nazi. Mwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania kitu mezani, atafanya kazi kwa raha zaidi, lakini asiye nayo anaweza kukunja gunia, akakiweka kifuu juu yake na kukibana kwa magoti.

Kazi inaanza na mpini, ingawa ndio utakaofungwa mwisho. Tafuta tawi la mpera lililonyooka, lenye unene wa kidole gumba na urefu wa sentimita 40 hivi. Ninaupendelea mpera kwa sababu mti wake ni mgumu, haupasuki ovyo, na unapatikana katika nyua nyingi, bara na pwani. Epuka tawi lolote linalotoa utomvu mweupe ukilikata, na usichukue mti usioujua, kwa kuwa mpini huu utakuwa ukiloweka katika chakula. Mikoko nayo iache mahali pake, hata kama mti wake ni imara.

Ondoa gome lote siku ileile uliyokata, kisha liweke tawi kivulini, mahali penye upepo, kwa muda wa majuma mawili au matatu. Usilianike juani, kwa sababu nje itakauka kabla ya ndani na tawi litapasuka kwa urefu. Watu wengi hawana subira na hatua hii, na ndiyo maana pawa nyingi za vifuu hulegea kabla ya mwezi kuisha. Mti mbichi husinyaa unapopoteza maji. Ukiufunga ungali mbichi, waya utabaki na ukubwa wake ilhali mpini unapungua ndani yake. Ukifungwa mkavu, mambo huwa kinyume, kwani kila unapoingia kwenye mchuzi mti hufura kidogo na kujikaza zaidi dhidi ya waya. Dalili ya mti uliokauka ni kwamba ukigonganisha vipande viwili vya tawi hilo husikika mlio mkali, si kishindo kizito, na ukilishika shavuni halina ubaridi wa unyevu.

Sasa tuchague nazi. Dafu halifai, na koroma halifai, kwa kuwa kifuu chake bado hakijakomaa. Nazi huchukua kiasi cha mwaka mmoja tangu ua hadi kukomaa kabisa, na tunayoihitaji ni ile ambayo kifuu chake kimekuwa cha kahawia iliyokolea na ukiitikisa maji yanacheza ndani. Isiyo na maji huenda ina ufa, na ufa huo utauona siku utakapopakua supu. Chagua pia iliyo ya mviringo. Nazi ndefu kama yai hutoa bakuli lenye kina kirefu na mdomo mwembamba, ambalo ni gumu kusafisha.

Iangalieni nazi hii kwa karibu. Upande huu kuna macho matatu, na moja kati yake ni laini kiasi cha kutobolewa kwa kijiti. Hapo ndipo chipukizi hutokea. Kwa hiyo upawa wetu hautatokana na upande huu, bali na ule wa pili usio na macho, ambao ni mgumu kote. Ninaizungushia nazi mstari wa penseli katikati, nikisogea milimita chache kuelekea macho, ili bakuli letu liwe kubwa kidogo kuliko nusu. Mstari usipokutana na mwanzo wake, ufute na uuchore upya, kwa maana msumeno utaufuata ulivyo.

Kata polepole ukiizungusha nazi kila baada ya mikwaruzo michache, badala ya kushusha msumeno mahali pamoja hadi utokee upande wa pili. Weka bakuli chini ili maji yasipotee. Najua kwamba jikoni tunavunja nazi kwa mgongo wa panga, tena kwa mapigo machache tu, lakini panga huacha mdomo wenye meno na mara nyingine hutuma nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka zilowe.

Nyama ya nazi isiharibike. Ikune kwenye mbuzi kama kawaida na ukamue tui lako, ila acha kukuna pale unapoona rangi ya kahawia ya ngozi ya nyama inaanza kujitokeza, kwa sababu meno ya mbuzi huchimba mistari ndani ya kifuu na mistari hiyo hushika mafuta na uchafu. Tabaka jembamba linalobaki liache likauke kivulini kwa siku mbili tatu. Nyama ikikauka hujivuta na kujibandua yenyewe, na utaiondoa kwa ncha ya kijiko bila kutumia nguvu.

Tunaingia kwenye kusugua. Nje ya kifuu kuna nyuzi za makumbi zilizogandamana. Zikwangue kwanza kwa makali ya kisu, ukikivuta kisu kuelekea upande mmoja tu, kisha tumia msasa namba 80, ufuatwe na 120, na umalizie kwa 240. Walio karibu na mti wa msasa wanaweza kutumia majani yake makavu badala ya karatasi ya mwisho, na mimi huona yanang'arisha vizuri zaidi, ingawa yanataka mkono wenye subira. Vumbi la kifuu ni laini mno na haliifai pua wala mapafu, hivyo funga kitambaa usoni, au lowesha kifuu na utumie karatasi ya msasa isiyoharibiwa na maji. Ndani usisugue kupita kiasi. Inatosha pawe laini kwa kidole. Mdomo ndio wa kushughulikia zaidi, kwa kuwa ndio unaokwangua sufuria. Uviringishe ukingo pande zote mbili hadi usiwe na pembe inayokwaruza ngozi.

Sasa turudi kwenye mpini, ambao umekwisha kukauka. Upunguze hadi urefu wa sentimita 32 au 35, na uchonge ncha itakayokaa kwenye kifuu iwe bapa, yenye upana wa milimita 15 na urefu wa sentimita 4. Kisha simamisha ncha hiyo juu ya mgongo wa kifuu, chini kidogo ya ukingo. Mnaona mwanga unapita kati ya mti na kifuu? Mti umenyooka na kifuu kimepinda, hivyo vinagusana mahali pamoja tu, na ukifunga hivi mpini utayumba kama kiti kibovu hata waya uwe mkazo namna gani. Tunachotaka ni kuchimba upande wa ndani wa mpini upate kibonde kinachofuata mgongo wa kifuu.

Njia ya uhakika ni hii: ipake sehemu hiyo ya kifuu penseli nyingi, hadi iwe nyeusi, kisha ukandamize mpini juu yake na kuusogeza kidogo kushoto na kulia. Ukiuinua, utaona alama nyeusi kwenye mti mahali unapogusa. Kwangua alama hizo tu, kidogo kidogo, kisha rudia. Mwanzoni weusi utakuwa nukta mbili tatu, baadaye utaenea, na siku weusi ukifunika sehemu kubwa ya kibonde, mpini umekaa. Usiogope kurudia mara nyingi, wala usijaribu kumaliza kwa mkwanguo mmoja, kwa sababu mti uliokwisha kukwanguliwa haurudi. Katika kuchimba huku pia unaamua upawa utalala vipi: ukikwangua zaidi upande wa ncha, mpini utalala kuelekea nje; ukikwangua zaidi upande wa juu, utasimama wima. Kwa sufuria ndefu mimi hupenda usimame zaidi, na kwa bakuli la mezani ulale.

Baada ya hapo, mpini ukiwa mahali pake, weka alama nne za penseli kwenye kifuu: mbili kila upande wa mpini, za juu zikiwa sentimita 1 chini ya ukingo na za chini zikiwa sentimita 2 na nusu. Usizisogeze za juu karibu zaidi na ukingo, kwani kifuu kitamegeka. Alama zigusane na ubavu wa mti, ili waya usipate nafasi ya kucheza. Toboa kutoka nje kuelekea ndani, ukiwa umeweka kipande cha mbao laini upande wa ndani, na usiikandamize drili. Iache ncha ijilie yenyewe. Ukisikia harufu ya kuungua, pumzika kidogo. Asiye na drili anaweza kutumia msumari mwembamba uliopashwa moto hadi uwe mwekundu na kushikwa kwa koleo, ingawa itabidi aurudishe motoni mara kadhaa kwa kila tundu.

Kwenye mgongo wa mpini chonga mifereji miwili ya kupitisha waya, kila mmoja ukilingana na jozi moja ya matundu. Kata waya vipande viwili. Kila kipande kikunje katikati, kipitishe kutoka ndani ya kifuu ili ncha zake mbili zitokee nje, moja kila upande wa mpini, kisha zikutanishe ndani ya mfereji na uzisokote kwa koleo. Funga kwanza jozi ya chini bila kuikaza sana, funga ya juu, halafu urudi chini kumalizia. Unaposokota, vuta waya kuelekea kwako huku ukizungusha, na usimame mara unapoona msokoto umeanza kuwa mgumu, kwa maana mzunguko mmoja zaidi huukata. Punguza ncha, ibaki kama milimita 5, na uilaze ndani ya mfereji isije ikamchoma mtu. Wapo wanaofunga kwa mshipi wa nailoni, nao unapendeza macho, lakini mshipi hunyumbuka ukilowa na fundo lake huteleza. Kwa upawa wa kutundika ukutani hauna ubaya, kwa upawa wa kazi sitaushauri.

Sasa tuujaribu upawa. Ujaze maji hadi karibu na matundu ya chini, na uuache kwa robo saa juu ya karatasi kavu. Pakilowa, kuna ufa katika kifuu, na kifuu chenye ufa hakirekebishiki. Tumia mpini kwa kifuu kingine. Ukifaulu jaribio hili, utumbukize upawa katika maji ya uvuguvugu, uyaache yapate moto taratibu, kisha yamwage. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya kahawia, na ni afadhali rangi hiyo itoke sasa kuliko kwenye uji wa mtoto. Ukikauka kabisa, upake mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa, ndani na nje pamoja na mpini, uache usiku mmoja na ufute yaliyobaki. Vanishi usiipake.

Katika matumizi, usiuache upawa ndani ya sufuria iliyoko jikoni, usiukaangie katika mafuta yanayochemka, na usiuloweke usiku kucha pamoja na vyombo vingine. Uoshe kwa sabuni na sifongo laini, si kwa steli waya, kisha uutundike mdomo ukielekea chini. Manjano yataupa rangi ndani, na rangi hiyo haina madhara. Mafuta yakififia na kifuu kikaanza kuonekana kama kina vumbi, paka tena. Waya ukilegea, ongeza nusu mzunguko kwa koleo. Mpini ukichakaa, kata waya, chonga mwingine, na utumie matundu yaleyale.

Ile nusu yenye macho msiitupe. Toboeni lile jicho laini kwa kijiti, lainisheni ukingo, na iwekeni juu ya pete ya kamba ili isibingirike. Itafaa kuwekea sabuni karibu na karo, kwa sababu maji yatatoka kwenye jicho na sabuni haitayeyuka chini.