Jiko Linaanzia Kwenye Tiyo ya Maji Machafu

(Mhadhara uliotolewa Bukavu kwa wenye nyumba wanaojiandaa kutengeneza upya majiko yao)

Wamama, wababa, na ninyi ndugu mafundi mliofika, jambo yenu wote.

Nianze na picha za kwenye simu. Kila mwenye nyumba anayetaka jiko jipya anakuja na picha: karo nyeupe zinazong'aa, makabati ya rangi, robine yenye shingo ndefu kama ya bata. Picha ya tiyo iliyo chini ya lavabo haletwi na mtu. Basi fundi naye anaanza na karo, kwa sababu ndizo alizoonyeshwa. Miezi sita haijaisha, karo zinavunjwa ili kutafuta mahali palipoziba. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: jiko la Bukavu linapangwa kuanzia mahali maji machafu yanapotokea nje, halafu unarudi ndani mpaka kwenye lavabo. Usianze ndani.

Kwa nini Bukavu? Kwa sababu ya mawese, na kwa sababu ya mlima.

Tuchukue mawese kwanza. Tazama chupa ya mawese asubuhi ya mwezi wa saba: nusu ya chini imeshikana, rangi ya chungwa iliyofifia, na mtu anaisogeza karibu na mbabula ndipo imiminike. Mawese yanahitaji kama digri 35 ili yayeyuke yote. Hewa yetu, kwa wastani, iko kama digri 20. Sasa umepika sombe, umekaanga sambaza, unaosha sufuria kwa maji ya moto. Chini ya lavabo mafuta bado ni maji. Mita moja mbele, tiyo ni baridi, yanaanza kunata. Mita mbili mbele yamekuwa kama sabuni kwenye ukuta wa tiyo, na unyuzi wa sombe unapita hapo, unakamatwa. Kesho unyuzi mwingine. Kila mita ya tiyo unayoiongeza kati ya lavabo na nje ni mita moja zaidi ya kugandisha mafuta.

Kwa hiyo lavabo inakaa kwenye ukuta wa nje, upande ule ambao parsele inateremka. Si katikati ya jiko kama kwenye picha, wala si kwenye ukuta wa sebuleni kwa sababu dirisha lina mandhari nzuri ya ziwa. Tiyo itoke kwenye sifoni, ile kona ya chini ya lavabo inayobaki na maji, itembee ndani ya kabati kwa mita moja au mbili, itoboe ukuta, iko nje. Ukifanya hivyo hutazika tiyo chini ya sakafu, na siku ikiziba hutavunja hata karo moja.

Tiyo yenyewe iwe ya PVC ya milimita 50. Ile ya 32 ni ya kunawia mikono, na ya 40 inapita lakini kwa mawese ni nyembamba. Nje, kutoka shimo la mafuta (kisanduku cha kunasa mafuta, nitakieleza mbele) kwenda mbele, weka ya 110. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita: tiyo ya mita 4 ishuke sentimita 8, na fundi aupime kwa nivo na kamba, asiukadirie kwa jicho. Hapa kuna ndugu atasema: mimi nakaa kwenye mlima, kwangu mteremko haukosi, maji yatakimbia yenyewe. Ndiyo, yatakimbia, na yakishuka kwa nguvu yanafyonza na yale maji yaliyobaki ndani ya sifoni. Yale maji, sentimita 5 tu, ndiyo kizibo cha harufu. Yakiondoka, harufu yote ya shimo inapanda jikoni, na mama anaanza kununua dawa ya harufu sokoni Kadutu wakati kinachokosekana ni maji ya sentimita 5. Kama ardhi inashuka ghafla, jenga rigari, yaani kisanduku cha sima chenye kifuniko, shusha tiyo wima ndani yake, halafu endelea tena kwa mteremko mdogo.

Sasa mafundi wanisamehe, lakini hili lazima lisemwe. Kupasha tiyo kwenye mbabula na kuipinda ili usinunue kona: tuache. Tiyo iliyopindwa kwa moto inalala, tundu la duara linakuwa kama jicho la mtu mwenye usingizi, na hapo ndipo mafuta yanaanzia. Nunueni kona mbili za digri 45 badala ya moja ya 90, na kila mahali tiyo inapogeuka wekeni kizibo cha kufungua. Ukikata tiyo kwa msumeno, ndani ya mkato kunabaki vinywele vya plastiki. Ingiza kisu, zungusha, kwangua mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Ni kazi ya nusu dakika. Nimeona tiyo zilizokatwa baada ya kuziba: kidonge cha mafuta kimeshikilia vinywele vile vile kama kupe. Gundi ipakwe pande zote mbili, na maji yasipite mpaka kesho yake.

Na PVC ile nyembamba ambayo ukiibonyeza mwishoni kwa dole gumba inakunjika, rudisha dukani. Ni ya kupitishia nyaya.

Tunafika kwenye shimo la mafuta, na hapa nitakaa kidogo. Ni kisanduku cha tofali na sima nje ya ukuta wa jiko, mita moja au mbili tu kutoka hapo, ili mafuta yafike kabla hayajagandia njiani. Ndani kiwe na upana wa sentimita 60 kwa 60, na kina cha maji cha sentimita 60. Hizo ni lita 216. Maji yaingie juu, na tundu la kutokea liwe chini ya lile la kuingilia kwa sentimita 5. Lakini kutoka yasitoke juu! Weka T, kiungo cha tiyo chenye midomo mitatu, kwenye tundu la kutokea, mguu wake ushuke mpaka zibaki sentimita 20 kufika chini. Mafuta yanaelea, masalia ya chakula yanalala, na tiyo inachukua maji ya katikati tu. Kichwa cha T kibaki wazi, ili upitishe waya wa kuzibua. Bila ile T umejenga bwawa la bure.

Wengine wanasema: fundi wangu ameniambia ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha. Mama, hesabu mwenyewe. Unamwaga beseni la maji ya moto lita 20 kwenye ndoo ya lita 20. Maji yote yaliyokuwemo yanafukuzwa, yale ya moto yanachukua nafasi, na mafuta yake bado yameyeyuka. Beseni la pili likija yanapita nayo. Maji yanahitaji muda wa kupoa na mafuta yanahitaji muda wa kupanda, na muda huo unatoka kwenye ukubwa wa shimo. Kwa shimo la lita 216, mifuko 2 ya sima ya kilo 50 inatosha: sakafu ya sentimita 10, kujenga, kupiga plasta ya ndani kwa kipimo cha sima moja kwa mchanga mitatu, na kifuniko.

Kifuniko kigawanywe vipande viwili. Bamba la sentimita 75 kwa 75 lenye unene wa 6 lina karibu kilo 80, na mtu mmoja hatalifungua, kwa hiyo halitafunguliwa. Vipande viwili vya kilo 40, kila kimoja na mkono wa chuma, vinafunguliwa. Kila wiki mbili, chukua mwiko mkuukuu wenye matundu, engua mafuta, changanya na majivu ya mbabula, funga, tupa na takataka. Usiyatupe kwenye mfereji. Na maji ya mvua ya mabati yasiingie kwenye shimo hili hata kidogo. Mvua moja ya mwezi wa nne inasafisha mafuta yote ya mwezi na kuyapeleka kwa jirani.

Jirani. Hapo ndipo mlima unapoingia. Katika mji huu kila mtu ana mtu chini yake. Watu wa mtaa wa Funu hawahitaji kufundishwa: pale ardhi inatembea, na nyufa za kuta zinaonyesha inakotembea. Udongo wetu wa mfinyanzi ukinywa maji unakuwa mzito na kuteleza. Maji ya lavabo yanaonekana kidogo, lakini yanamwagika mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi ambapo mlima ungepumzika. Kwa hiyo usichimbe shimo la kunywesha ardhi maji machafu juu ya ukuta wa kuzuia udongo, uwe wako au wa jirani. Yapeleke kwa tiyo iliyofungwa mpaka mfereji wa barabara, na kama lazima upite kwa jirani wa chini, nenda kwake kabla ya kununua hata tofali, mkubaliane, mwandike. Najua utaniambia: wa juu naye ananimwagia. Basi jenga mfereji wa sima upande wako wa juu, uyakinge maji yake, halafu nenda umwone na yeye. Hilo halikupi ruhusa ya kumwagia wa chini, mwenye watoto wanaolala nyuma ya ukuta ule.

Muda unakwenda. Majaribio, haraka. Kabla ya kufukia na kabla ya karo, fundi azibe tundu la kutokea, ajaze shimo la mafuta. Siku ya kwanza plasta mpya inakunywa maji, usihesabu. Siku ya pili ajaze tena, apige alama kwa msumari, na kesho yake maji yawe kwenye alama. Halafu mmwage kwenye lavabo bido nzima ya lita 20, maji ya moto, na mtu apitishe karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, kiungo kinafanywa upya.

Malipo yafuate majaribio haya. Devi, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, inayosema "plomberi, jumla" na bei moja chini, irudishe. Iandikwe mita ngapi za 50, mita ngapi za 110, kona ngapi, T ngapi, mifuko mingapi ya sima, na kazi ya mikono pembeni. Vifaa nunua mwenyewe ukiwa na fundi. Mikono lipa kwa hatua: kubomoa na tiyo zikishajaribiwa, sakafu na plasta, karo na robine. Zuia sehemu ya kumi tu, kwa siku 14 za kutumia jiko. Fundi naye ana haki: tarehe ya mwisho iandikwe, na ikifika bila kasoro alipwe siku hiyo hiyo. Wenye nyumba wanaozungusha fundi kwa dola za mwisho ndio wanaomfundisha kuficha kazi mbaya chini ya karo.

Yaliyobaki nayataja tu. Urefu wa meza: pima kutoka sakafu mpaka kiwiko cha yule anayepika, ondoa sentimita 10 hadi 15. Lakini mahali pa kusonga bugali pawe chini zaidi, kwa sababu sufuria yenyewe inaongeza kimo, na mikono inayosukuma mwiko lazima iwe chini ya kiwiko, la sivyo mabega yanakufa. Makala ya mbabula yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu: mbabula ikiwa ndani, weka tundu chini na tundu juu, na kofia ya moshi juu yake, na usilale na mbabula inayowaka. Gazi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo chupa ikae nje na tundu liwe chini ya mlango. Kagua viungo kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Kuzinya, jiko la umeme, iwe na laini yake peke yake, waya wa milimita mraba 6 na disjonteri (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 32, pamoja na waya wa ardhi. Tangi la maji la lita 1000 likijaa ni tani nzima, lisipande juu ya mbao za paa. Liwe na nguzo zake, na sehemu yake ya chini ipite robine kwa mita 2 angalau, kwani kila mita ni sehemu ya kumi ya bari, na zile robine za shingo ndefu zinadondosha tu zikikosa msukumo.

Karo: jiko la mita 3 kwa 4 ni mita mraba 12, ongeza sehemu ya kumi ya kukatwa, nunua 13 na kitu, namba ya rangi kwenye makartoni iwe moja.

Mliouliza kuhusu makabati, sitaweza leo. Andikeni tu sentensi hii, ikae kwenye mkataba kabla ya sahihi: "Hakuna karo itakayobandikwa wala tiyo itakayofukiwa kabla mwenye nyumba na fundi hawajaona pamoja maji ya moto lita 20 yakipita bila kuvuja, na shimo la mafuta likikaa siku moja bila kupungua."