Shilingi ya Jeshi Inaishia Wapi?

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu. Leo kaka Baraka ana swali: nchi ikiongeza bajeti ya jeshi, uchumi unakua au unasinyaa?

BARAKA: Wachumi wenyewe wanavutana, dada. Mwaka 1973 Emile Benoit alitoa utafiti wa nchi 44 zinazoendelea, kati ya 1950 na 1965. Akakuta zile zenye mzigo mkubwa wa ulinzi, yaani zilizotumia sehemu kubwa ya pato lao kwa jeshi, nyingi ndizo zilizokua haraka.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Zilikua kwa sababu ya jeshi, au zilikuwa na hela ndiyo maana zikanunua vifaru?

BARAKA: Hapohapo ndipo wenzake walipombana. Kadhaa kati ya nchi hizo zilikuwa zinapokea misaada mingi kutoka nje, kwa hiyo huenda misaada ndiyo iliyozikuza, si jeshi.

ZUHURA: Mimi naangalia shilingi inaishia wapi. Askari akilipwa hapa Kigoma, ananunua dagaa Kibirizi, analipa fundi cherehani, hela inazunguka mjini. Ukinunua kombora, dola zimeondoka hivyo, na dola ndizo tunazozitafuta kwa tochi ili tupate mafuta na dawa.

BARAKA: Vita vya Kagera vilituonyesha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanaingia, Aprili 1979 Kampala inaanguka. Gharama inayotajwa sana ni dola milioni 500. Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mikanda miezi 18.

ZUHURA: Ikawa miaka! Waulize wazee, watakusimulia foleni za sukari na sabuni. Na malori yaliyopeleka askari mbele, mengi yalichukuliwa kwenye kazi ya kubeba mazao. Gharama ya namna hiyo huikuti kwenye kitabu cha bajeti.

BARAKA: Ila vita havikuwa peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya kahawa ikashuka, mafuta yakapanda 1979. Anayesema vita pekee viliua uchumi anarahisisha mno.

ZUHURA: Sawa. Na wale wanaotupigia mfano wa Costa Rica, iliyofuta jeshi 1948, nawaambia Costa Rica haikupakana na Amin. Sisi watu wa ziwani tunajua. Mwaka 1996 Wakongo walivuka maji wakikimbia vita, kambi ya Nyarugusu ipo mpaka leo. Pale Kibirizi, risasi zikilia ng'ambo, wapagazi wanakaa juu ya mifuko ya saruji wakisubiri simu kutoka Uvira. Boti haitoki, kibarua hakuna, mama ntilie hauzi. Amani ni mtaji, na kuna mtu lazima ailinde.

BARAKA: Halafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kwenye kambi yao ya Bulombora, hapa Kigoma, vijana wanalima michikichi. Bajeti ni ya ulinzi, lakini kinachotoka ni mawese.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapotaka tuwe wakali, kaka. Kijana wa JKT akirudi nyumbani na ujuzi wa kutunza mchikichi, nchi imepata. Lakini mkulima wa kijijini anayelipa vibarua kwa hela yake mwenyewe, akikutana sokoni na mawese ya kambi, bei inakuwaje?

BARAKA: Hilo sina jibu la mezani. Wenye mashamba Mwandiga na Simbo, tutumieni ujumbe wa sauti: dumu la mawese mnauza kwa nani, na bei anapanga nani? Wiki ijayo tunaanza na sauti zenu.