Upande wa Kushoto wa Spektra

Mbukwenyi! Wageni mtafundishwa kuitikia salamu hiyo ya Kigogo mkitoka. Mimi nimepewa muda mfupi wa kueleza masafa hasi kwenye spektra, ile grafu inayoonyesha ndani ya ishara mna milio gani. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi.

Anayetafuta ishara ya kuchambua hapa Dodoma asihangaike. Achukue zeze, avute upinde mara moja, simu irekodi. Uzi ule hautoi mlio mmoja. Upo mlio wa msingi, halafu wa masafa mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi hiyo hiyo. Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822, ametuachia hesabu ya kuitenganisha milio hiyo.

Sasa mnachora spektra ya milio hiyo, mnakuta mistari kulia kwa sifuri na mingine kushoto. Naulizwa sana: uzi unatetemekaje mara hasi 50 kwa sekunde? Hautetemeki hivyo. Kigeuzo cha Fourier, yaani hesabu yake hiyo, hupima kwa mishale inayozunguka. Wimbi la kosaini, yaani mlio mmoja safi, ni mishale miwili ya urefu sawa, mmoja ukizunguka kinyume cha saa, mwenzake ukifuata saa. Sehemu zao za wima zinafutana, za mlalo zinajumlishana. Hasi ni upande wa kuzunguka, basi. Na kila mshale hubeba nusu ya kimo cha wimbi. Nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Chukueni mvumo wa umeme wetu, hezi 50, wenye kimo cha 2. Pimeni sampuli 1000, yaani pimeni wimbi mara 1000, ndani ya sekunde moja. Tukihesabu kuanzia sifuri, programu itawapa kilele nafasi ya 50 na kingine nafasi ya 950, kila kimoja kikiwa na kimo cha 1000. Gawanyeni kwa idadi ya sampuli: 1 huku, 1 kule. Na hiyo 950 si hezi 950! Toeni 1000, mnapata hasi 50. Kompyuta huyaweka masafa hasi mwishoni. Ni juu yenu kuihamishia kushoto nusu hiyo ya pili kabla ya kuchora.

Kwa sauti, vimo vya kushoto ni kioo cha vya kulia. Ukitaka kukata upande huo, kata; ila mistari inayobaki izidishe mara mbili, isipokuwa wa sifuri na wa hezi 500 (nusu ya zile sampuli 1000), ambayo haina pacha.

Kwenye redio mambo ni mengine. Kipokezi cha kompyuta kilichowekwa megahezi 100 hutoa namba changamano, yaani zenye sehemu ya mlalo na ya wima, kwa hiyo upande wa kuzunguka unajulikana: stesheni ya 99.8 inakaa hasi 0.2, ya 100.2 inakaa chanya 0.2. Hao ni watangazaji wawili tofauti. Ukikata kushoto hapo, umemnyamazisha mtu.

Ndiyo, kijana wa nyuma? Mstari mrefu wa katikati? Huo ni wastani wa ishara yako. Utoe kwenye sampuli kwanza, ndipo upitishe kigeuzo, la sivyo vilele vingine vyote vitaonekana vifupi kama havipo.