Shilingi Moja ya Mwaloni

Mwangaluka jamani. Mliokaa nyuma sogeeni, projekta hii maandishi yake madogo.

Leo ni namna ya kuhesabu hela kwenye programu, na nianze na aibu yangu. Nilitengeneza mfumo wa kuuzia dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kitu simpo tu, kilo unazidisha kwa bei unatoa risiti, wiki haijaisha mama mmoja anayeshika daftari la bosi wake akaniita, "Mwanangu hebu njoo," kashika risiti mkono huu na kikokoteo mkono huu. Vifuko vitatu, kila kimoja kilo 2.35, kilo moja shilingi 6,150. Risiti imeandika 14,453 mara tatu, yeye kajumlisha kapata 43,359, mfumo wangu chini unasema 43,358. "Hiyo moja kala nani?"

Mnacheka eeh.

Sasa jibu halisi ni 14,452.50. Mimi kila mstari nilikuwa naukata, yaani naufanya shilingi nzima iliyo karibu, pale unapoonyeshwa tu, lakini jumla naijumlisha na vile vinusu vyake ndo naikata mwisho. Na kesho yake ripoti ya seva, ile kompyuta inayotunza mauzo, ikaja na 14,452! Kwa sababu ni lugha mbili za programu: brauza inatumia JavaScript, na amri yake ya kukata, Math.round, nusu inaipandisha juu, seva ni Python na round yake nusu inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kifuko kimoja, bei mbili, na zote mbili nimeandika mimi.

Na hapo floti yenyewe, namba zenye desimali ndani ya kompyuta, bado sijaigusa. Fungueni konsoli ya brauza saa hizi andikeni 0.1 + 0.2. Mmeona? 0.30000000000000004. Kompyuta inahesabu kwa mbilimbili, sifuri na moja tu, kwake moja ya kumi haiishi, kama sisi tukiandika theluthi kwa desimali, tatu tatu tatu mpaka uchoke.

Nilichofanya: kilo nikazigeuza gramu, 2350, bei shilingi nzima, nazidisha, nagawa kwa 1000, nakata mara moja tu, kwenye seva, naihifadhi hivyohivyo kama intija, namba nzima isiyo na desimali, na jumla inatoka kwenye hizo zilizohifadhiwa. Brauza haikati kitu, inaonyesha tu. Mkigawana laki moja watu watatu ni 33,333 kila mtu na inabaki moja, hiyo muulizeni mwenye mtumbwi inaenda wapi, msiiache programu ikaamua.

Halafu sarafu iandikwe kwenye safu yake pembeni ya namba. Ziwa Victoria hili nchi tatu, na kwa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi yetu na ya Kenya zina tarakimu mbili za senti, ya Uganda sifuri, sasa wewe zichukulie zote ni senti, gawa kila kitu kwa 100 uone mnunuzi wa Uganda elfu hamsini yake inavyogeuka mia tano.

Naam, dada wa mbele? Intija itajaa, namba ikiwa kubwa mno? JavaScript inahesabu nzima bila kukosea mpaka 9,007,199,254,740,991. Dagaa wa hapo labda uuze na ziwa lenyewe.